CV imetumwa, simu hailii: tafuta hitilafu kwenye maombi yako ya kazi

Kaa kwenye steshenari yoyote jijini Mwanza, kati ya Nyegezi na Igoma, siku mbili kabla tangazo la kazi halijafungwa, utasikia malalamiko yaleyale kutoka kwa watu tofauti. Nimetuma kila mahali, hakuna anayejibu. Mfumo umenikataa, sijui kwa nini. Niliitwa usaili nikaulizwa jambo lililo kwenye CV yangu mwenyewe, nikababaika. Maelezo haya yanafuata malalamiko hayo. Tafuta dalili inayofanana na yako, anza na sababu ya juu maana ndiyo inayowaangusha wengi, na usimlipe mtu akuandikie CV upya kabla hujamaliza ukaguzi ambao haugharimu kitu.

Kabla ya yote, toa kopi ya tangazo kwenye karatasi, shika kalamu, pigia mstari kila sifa wanayoitaka. Halafu shika CV yako na barua yako, ujiulize kwa kila mstari: ushahidi wangu wa hili uko wapi? Wengi wanaolalamika hawajawahi kufanya hivi hata mara moja. Waliandika CV kwanza, tangazo wakalisikia baadaye kwenye grupu la WhatsApp, tena nusu.

Dalili ya kwanza: umetuma kote, kimya kabisa

Usikimbilie kudhani kwamba nafasi zilikuwa na wenyewe. Anza na swali rahisi: maombi yako yalifika, na yalifunguka? Jitumie barua pepe ileile, na mtumie rafiki mmoja aifungue kwenye simu yake. Mara nyingi mtakachokiona ni picha kumi na kitu za vyeti zilizopigwa kwa simu juu ya kitanda, nyingine zimelala ubavu, zote zina majina ya namba zilizotolewa na kamera. Anayepokea maombi mia kadhaa hatageuza shingo kusoma cheti chako. Skani vyeti vikiwa vimesimama, unganisha barua, CV na vyeti kwenye PDF moja kwa mpangilio huo, na faili lipewe jina lako pamoja na nafasi unayoomba. Kama tangazo limesema mafaili yatengwe, yatenge. Kichwa cha barua pepe kiwe jina la nafasi kama lilivyoandikwa kwenye tangazo, na namba ya kumbukumbu kama ipo. Na usitume barua pepe tupu yenye viambatisho peke yake. Mistari mitatu inatosha: unaomba nini, umeambatisha nini, unapatikana kwa namba gani.

Kisha ipigie namba iliyo kwenye CV yako kutoka simu nyingine. Watu wanaacha namba waliyokuwa nayo chuoni, laini ilishafungwa na sasa inatumiwa na mtu mwingine. Weka namba mbili, ya pili ya mtu wa nyumbani anayeweza kupokea simu ya ofisi kwa adabu. Anwani ya barua pepe nayo isome herufi kwa herufi. Kama ulifunguliwa na kijana wa steshenari na nenosiri analo yeye, fungua nyingine leo, peke yako, kwa simu yako.

Sababu ya pili inaumiza zaidi, kwa sababu mwenyewe huioni: CV yako ina vipande vya mtu mwingine. Steshenari nyingi huchapa juu ya CV ya mteja aliyepita, wakibadilisha jina na shule. Nimeona CV ya muuguzi ambayo kwenye lengo la kazi imeandikwa kwamba anatamani kukuza taaluma yake kwenye sekta ya benki. Nimeona barua iliyokwenda kiwanda cha samaki ikiwa na anwani ya mgodi. Soma CV yako kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wadhamini wakiwemo. Ukikuta sentensi moja tu ambayo si yako, usiirekebishe hiyo peke yake. Fungua ukurasa mweupe uandike upya, maana panapobaki moja huwa kuna nyingine.

Ya tatu ni kutumia CV moja kwa kazi zote. Anayeomba uhasibu msaidizi, ukarani wa ghala na udereva kwa karatasi ileile anamwachia msomaji kazi ya kumtafutia anafaa wapi. Huhitaji CV tatu tofauti kabisa. Panga upya: kinachohusiana na tangazo kiwekwe juu, kingine kishuke au kitoke. Kurasa mbili zinamtosha mtu ambaye hana miaka mingi kazini.

Ondoa kabila, dini, idadi ya watoto na hali ya ndoa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kubagua mwombaji kwa mambo hayo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuyatanguliza. Kama CV yako imepangwa kwa safu mbili zenye rangi na vinyota vya kuonyesha kwamba Kiingereza chako ni nyota nne kati ya tano, rudi kwenye mpangilio wa kawaida wa safu moja. Baadhi ya kampuni kubwa hupitisha CV kwenye programu inayosoma maneno, na mapambo huivuruga.

Ya mwisho ni ngumu kuisikia: sifa ya lazima huna. Hospitali inayotaka muuguzi mwenye leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga haitashawishiwa na barua tamu. Hapo acha kuandika, kamilisha usajili kwanza. Lakini kama tangazo linasema sifa fulani itakuwa "nyongeza", omba bila woga.

Dalili ya pili: barua unaandika, lakini haikusaidii kitu

Barua nyingi za maombi zinazopita Mwanza zinaanza hivi:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 25, mwenye afya njema na akili timamu. Naomba nafasi ya kazi yoyote katika kampuni yako. Ni mchapakazi, mwaminifu, na ninaweza kufanya kazi katika mazingira yoyote bila kusimamiwa."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Shida ni kwamba barua hii ingeweza kuandikwa na mtu yeyote kwenda popote, na neno "yoyote" limejitokeza mara mbili. Ofisi haina nafasi inayoitwa kazi yoyote. Tuseme kiwanda cha minofu ya samaki kinatafuta msaidizi wa udhibiti ubora, na mwombaji amesoma chuo cha uvuvi cha FETA, kampasi ya Nyegezi. Barua yake ingeweza kuwa hivi:

"Naomba nafasi ya msaidizi wa udhibiti ubora mliyoitangaza tarehe 3 Machi. Nina stashahada ya usindikaji wa samaki kutoka FETA Nyegezi. Wakati wa mafunzo kwa vitendo nilikuwa zamu ya mapokezi: nilipima joto la sangara kila gari lilipoingia, nikajaza fomu, na samaki walipozidi nyuzi joto 4 nilimwita msimamizi kabla mzigo haujashushwa. Tangazo linataka mtu wa zamu za usiku. Naishi Kirumba, na niko tayari kwa zamu zote."

Barua imerefuka kidogo tu, lakini sasa msomaji anamwona mtu akiwa na kipimajoto mkononi. Na mwombaji huyu amegusa kinachomuumiza mwenye kiwanda. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, na viwanda vya kanda hii vinajua kwamba soko la nje linalindwa na kumbukumbu zilizoandikwa vizuri. Mtu anayesema "nilijaza fomu" na akaeleza fomu ipi anaongea lugha yao.

Ukaguzi wa kufanya kwenye barua yako ni huu: funika jina la kampuni kwa kidole. Kama barua bado inaweza kwenda kwa kampuni nyingine bila kubadilishwa, haijakamilika. Ongeza mambo mawili: kitu kimoja ulichokifanya kinachofanana na kazi yao, na jibu la sharti gumu lililopo kwenye tangazo, liwe zamu, safari za visiwani au leseni ya udereva. Futa sifa usizoweza kuzithibitisha. Uaminifu hauthibitiki kwa kuutaja. Ukisema ulikuwa mtunza hazina wa kwaya kwa miaka miwili, na mwenyekiti wa kwaya yumo kwenye wadhamini, utakuwa umesema mengi zaidi.

Kuhusu lugha, fuata tangazo. Limeandikwa kwa Kiingereza na halikusema lolote, jibu kwa Kiingereza. Limeandikwa kwa Kiswahili, Kiswahili fasaha kinakutosha na hakikupunguzii hadhi. Kiingereza cha kuazima kutoka kwa mchapaji kitakuumbua siku ya usaili.

Dalili ya tatu: "Sina uzoefu, sasa niandike nini?"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayonisikitisha, kwa sababu mara nyingi si kweli. Mtu amekulia mwaloni Kirumba, tangu darasa la sita anahesabu magunia ya dagaa, ameandika daftari la madeni la mama yake miaka minne, halafu kwenye CV anaandika: uzoefu, hakuna.

Sababu ya kawaida ni kuamini kwamba kazi ni ile tu yenye mkataba na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kaa na mtu anayekujua mjibu pamoja: Nani aliwahi kukuachia fedha zake? Ulikuwa ukihesabu nini? Uliandika wapi? Usipotokea siku moja, nani angehangaika? Majibu ya maswali hayo ndiyo uzoefu wako. Yaandike kwa utaratibu uleule wa kazi za ofisini: ulikuwa nani, wapi, lini hadi lini, ulifanya nini.

"Msaidizi wa mauzo, biashara ya familia ya dagaa, Mwaloni Kirumba, 2020 hadi 2023. Nilipokea mzigo kutoka visiwani na kuhakiki idadi ya magunia, nikaandika daftari la mauzo na madeni, na kupeleka fedha kwa wakala kila jioni."

Kwa anayeomba ukarani wa ghala au ukusanyaji wa madeni, mistari hiyo ina uzito kuliko mafunzo kwa vitendo ya wiki nane ambayo mtu alikaa akitoa fotokopi. Karani wa sensa ya Agosti 2022 aandike hivyo, na ataje kwamba alitumia kishikwambi kukusanya taarifa kaya kwa kaya. Aliyeshiriki uandikishaji wa wapiga kura aseme. Bodaboda aliyefanya kazi ya kupeleka mizigo ya duka Buzuruga miaka mitatu bila kupoteza mzigo ana la kusema mbele ya kampuni ya usambazaji.

Mafundi wana hitilafu yao. Kwenye majaribio ya zamani ya ufundi, daraja la I lilikuwa la juu kabisa na la III la chini. Kwenye tuzo za sasa za VETA ni kinyume: ngazi ya I ni ya kuanzia na ya III ndiyo ya juu. Fundi umeme anayeandika "VETA III" peke yake anamwacha msomaji akikisia, na anaweza kukisia vibaya. Andika jina kamili la cheti kama lilivyo, fani na mwaka.

Kama kuna pengo la mwaka au miwili, lijaze kwa mstari mmoja wa kweli. Ulikuwa ukimuuguza mzazi hospitali ya Bugando, au ulikuwa ukilima mpunga Magu, andika hivyo. Msomaji akikuta pengo lisilo na maelezo hujijazia mwenyewe.

Dalili ya nne: mfumo wa Ajira wa serikali umekutoa mapema

Kazi nyingi za serikali zinaombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Hapa vita si ya maneno mazuri. Wengi hutolewa na viambatisho.

Angalia kwanza kama uliweka cheti chenyewe. Matangazo yao hurudia kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita, na matokeo ya muda ya chuo, havikubaliki. Angalia kama barua ina sahihi ya mkono. Kuchapa jina chini ya "wako mtiifu" si kusaini: toa kopi, saini kwa kalamu, skani. Angalia anwani, tarehe na jina la nafasi kwenye barua, kwa sababu wengi hupakia barua ya tangazo lililopita. Halafu linganisha ulichojaza kwenye mfumo na kilichomo kwenye CV. Mwaka wa kuhitimu ukiwa 2019 huku na 2020 kule, anayekagua hana namna ya kujua kipi ni kweli. Kama tangazo linataka cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na wakili, nakala isiyo na muhuri haitoshi.

Kwa watu wa ukanda wa ziwa kuna jambo la ziada. Waliosoma ng'ambo ya ziwa, Uganda au Kenya, wanahitaji vyeti vyao vitambuliwe hapa nchini: NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati, TCU kwa shahada. Anza mapema. Ukisubiri tangazo litoke, utachelewa.

Majina kutofautiana ni hitilafu ya ndani zaidi. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne mawili, kitambulisho cha NIDA kina la babu badala ya la baba, au Masanja limeandikwa Masanya. Simama hapo. Usirekebishe herufi kwenye faili lililoskaniwa, hata kama kijana wa steshenari anasema ni dakika mbili. Huko ni kughushi, hata kama jina sahihi ni lako. Uhakiki wa mwaka 2017 uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao waliondolewa kazini. Muone wakili akuandalie hati ya kisheria ya majina na isajiliwe kwa Msajili wa Hati, au urudi NIDA kama kosa ni lao. Cheti kikipotea, toa taarifa polisi kwanza, kisha wasiliana na waliokitoa.

Ukimaliza steshenari usiondoke ukaacha faili lako kwenye kompyuta ya watu. Hamishia kwenye flashi au barua pepe yako, futa, kisha futa na kwenye pipa la kompyuta. Hapo kuna namba yako ya NIDA, sahihi yako na vyeti vyako vyote.

Dalili ya tano: unaitwa usaili, unakwama kwenye CV yako

Sababu kubwa kuliko zote ni moja: yaliyoandikwa si yako au yamekuzwa. Umeandika kwamba unajua programu ya hesabu ya QuickBooks, kumbe uliiona mara moja ikifunguliwa. Msaili anauliza hatua ya kwanza ya kuingiza ankara, kimya. Pitia CV mstari kwa mstari, na kwa kila mstari uwe na mfano wa kueleza kwa dakika moja: ilikuwa wapi, ulifanya nini, ikawaje. Mstari usio na mfano ushushe kiwango au uufute. "Nimejifunza misingi ya" ni maneno ya heshima kabisa.

Nenda na nakala ileile uliyotuma. Waombaji hubadilisha CV kila wiki kisha wanasahau ofisi ipi ina ipi.

Dalili ya sita: wadhamini hawakusaidii

Wapigie kabla hujawaandika. Mdhamini anayesikia jina lako kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwajiri atasita, na kusita kwake kutasikika. Mwambie unaomba kazi gani, mtumie CV. Mjomba mwenye cheo kikubwa ambaye hajawahi kukuona kazini ana faida ndogo kuliko mwalimu aliyesimamia utafiti wako au msimamizi wa zamu.

Dalili ya saba: wamekupigia, lakini wanataka kitu kwanza

Simu imelia, umefurahi, halafu anayeongea anasema CV yako imepita, imebaki fedha ya fomu, ya vipimo, ya sare au ya "kusukuma faili". Namba ya kutuma ni ya mtu binafsi. Usirekebishe chochote kwenye CV yako. Kata simu, tafuta namba ya ofisi kwa njia nyingine, au nenda mlangoni kwao uulize kama tangazo ni lao. Unayetaka msaada wa kutafuta kazi, zipo huduma za ajira za serikali.

Likiwa ombi la ngono, iwe limesemwa wazi au kwa mafumbo ya kukutana jioni hotelini "tuongelee mkataba", hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Aliyeombwa hana kosa. Usibishane naye wala usijaribu kumtega peke yako. Hifadhi meseji na namba, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, kisha piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, simu ni bure, au nenda ofisini kwao ukiwa na mtu huyo.